Maji ya Javel Ndani ya Jino

Mwaka 1893, Emil Schreier, daktari wa meno wa mjini Vienna, aliwaeleza wasomaji wa jarida la Dental Cosmos namna yake ya kusafisha jino lililooza ndani. Alichukua mchanganyiko wa metali mbili laini, potasiamu na sodiamu, akauingiza kidogo kidogo kwenye mzizi kwa ncha ya kijiwaya. Metali hizo hazivumilii unyevu. Zilipogusa majimaji ya jino bovu zilifoka kwa joto, zikaacha alkali kali iliyoyeyusha nyama mfu na kugeuza mafuta yake kuwa sabuni. Kisha mzizi ulioshwa kwa maji na uchafu ukatoka nayo.

Leo hakuna kliniki inayoweza kuruhusu jambo la hatari namna hiyo. Hata hivyo, Schreier alikuwa ameona kitu kilichowapita wengi wa wenzake. Ndani ya jino lililokufa hakukuwa na vijidudu peke yao. Kulikuwa pia na nyama iliyooza, na nyama hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwaficha. Kuwaua bila kuiondoa ilikuwa kazi nusu. Fani nzima ya kutibu mizizi ya meno ilihitaji karibu karne moja kuufikia uamuzi huo, na iliufikia kwa njia iliyopitia viwanda vya nguo, wodi za wazazi na medani za vita.

Ndani ya kila jino kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hicho ndicho kiini cha jino. Kutoka chumbani humo mifereji myembamba hushuka katikati ya mizizi hadi nchani, ambako mishipa huingilia ikitokea kwenye taya. Jino likitoboka kwa kuoza, au likipasuka kwa ajali, bakteria hupenya na kiini hufa. Kiini kikishakufa, damu haipiti tena humo. Kinga ya mwili husafiri kwa damu, na vidonge vya antibayotiki navyo husafiri kwa damu, kwa hiyo vyote viwili huishia mlangoni. Mgonjwa akimeza vidonge uvimbe hushuka na maumivu hupoa, lakini baada ya majuma au miezi jipu hurudi, kwa kuwa chanzo chake bado kimo ndani ya mzizi. Hapo hubaki njia mbili: kung'oa jino, au kuingia ndani ya mfereji, kuusafisha na kuuziba.

Watu walianza kuingia mferejini kabla hawajajua habari za bakteria. Mwaka 1836 Shearjashub Spooner wa New York alitangaza matumizi ya aseniki kuua kiini chenye maumivu. Sumu hiyo ililinyamazisha jino kweli, lakini ilipovuja iliua pia ufizi na mfupa wa taya. Mwaka 1838 Edward Maynard wa Washington, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kubuni bunduki, alichonga springi ya saa mpaka ikawa kifaa chembamba cha kufika ndani ya mzizi. Mwaka 1864 Sanford Barnum, naye wa jimbo la New York, alitoboa tundu kwenye kipande cha mpira mwembamba, akakivisha kwenye jino ili mate yasilifikie. Kipande hicho cha mpira kingali kinatumika, na bila hicho hakuna dawa kali ya kuoshea mzizi ambayo ingeweza kuingia kinywani kwa usalama.

Kisha ukaja wakati wa fenoli. Joseph Lister alichapisha mwaka 1867 matokeo ya kutumia asidi ya kaboliki, yaani fenoli, kwenye majeraha ya wagonjwa wake huko Glasgow, na matabibu wa meno wakaipokea kwa mikono miwili. Walichovya pamba kwenye fenoli au kreosoti, wakaisukuma mferejini, wakaifunika, wakamwambia mgonjwa arudi baada ya siku kadhaa. Otto Walkhoff wa Ujerumani, ambaye mwaka 1896 angekuja kupiga picha ya kwanza ya eksirei ya meno, alianzisha mwaka 1891 mchanganyiko wa klorofenoli na kafuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 John Buckley wa Chicago akaleta formokresoli, iliyounganisha fomalini na kresoli. Mafuta ya karafuu nayo yalikuwa na nafasi yake katika kutuliza maumivu, na karafuu nyingi iliyouzwa duniani miaka hiyo ilitoka Unguja na Pemba. Harufu ya vitu hivyo ndiyo iliyompokea mgonjwa mlangoni mwa kliniki ya meno kwa vizazi kadhaa.

Mantiki ya dawa zote hizo ilikuwa moja: ifungie sumu ndani ya jino, kisha uisubiri imalize kazi. Kasoro yake ni kwamba fenoli na jamaa zake hugandisha protini. Nyama iliyooza hukakamaa, na bakteria walio nyuma yake hubaki salama. Sumu yenyewe hupoteza nguvu katika siku chache, na ikipenya nje ya ncha ya mzizi huchoma mfupa ulio hai uliotarajiwa kupona.

Wachache walijaribu njia nyingine. Mbali na Schreier, John Callahan wa Cincinnati alitumia asidi ya salfuriki kulainisha mifereji iliyobana, kisha akaizimua kwa magadi ya sodiamu ili mapovu yabebe uchafu hadi juu. Hilo lilikuwa mwaka 1894. Mwaka huohuo Willoughby Dayton Miller, Mmarekani aliyefundisha Berlin na aliyejifunza sayansi ya vijidudu kutoka kwa watu wa Robert Koch, alichapisha uchunguzi wake wa viini vya meno vilivyokufa. Chini ya hadubini aliona bakteria wa maumbo mbalimbali, wakiwamo ambao hakuweza kuwaotesha katika maabara. Tangu hapo adui alikuwa na sura. Silaha ya kumtoa mafichoni ndiyo iliyokosekana.

Kukosekana huko kuliigharimu fani. Mwaka 1910 daktari wa London, William Hunter, alihutubia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akayashutumu meno yaliyozibwa na kufunikwa kwa dhahabu huku usaha ukiendelea chini yake. Alidai kwamba sumu ya meno hayo husambaa mwilini na kuleta maradhi ya tumbo, damu na viungo. Nchini Marekani Frank Billings na Edward Rosenow waliikuza nadharia hiyo, na picha za eksirei zilizokuwa zimeanza kuenea zikaonyesha wazi mashimo ya ugonjwa kwenye ncha za mizizi iliyodaiwa kutibiwa. Hunter alikosea katika mengi aliyoyahusisha na meno, lakini hakukosea kwamba mizizi mingi ilikuwa michafu. Kwa zaidi ya miaka 20 waganga waliwaagiza wagonjwa wang'oe meno, mengine yakiwa mazima kabisa, kwa matumaini ya kuponya baridi yabisi au ugonjwa wa akili. Vyuo kadhaa vilipunguza au kuacha kufundisha matibabu ya mizizi. Kama dawa mpya isingepatikana, huenda matibabu hayo yangekufa.

Dawa hiyo ilikuwapo tayari, tena kwa zaidi ya miaka 100. Ilikuwa kwa madobi.

Klorini iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden mwaka 1774, akaona kwamba inaondoa rangi. Huko Ufaransa Claude Louis Berthollet aliifanyia kazi katika miaka ya 1780 akitafuta namna ya kung'arisha nguo bila kuzianika uwandani kwa majuma. Gesi ya klorini ilipopitishwa kwenye maji ya potashi ilipatikana dawa ya maji iliyotengenezwa Javel, kijiji cha wakati huo kando ya mto Seine ambacho leo kimo ndani ya Paris. Watu wakaiita maji ya Javel. Miaka ya 1820 mfamasia Antoine Germain Labarraque alitumia soda badala ya potashi, akapata hipokloriti ya sodiamu. Hakuitumia kwa nguo. Aliipeleka kwenye karakana za kutengeneza nyuzi kutokana na matumbo ya wanyama, ambako uvundo ulikuwa ukiwatesa wafanyakazi, na uvundo ukakoma. Mwaka 1824 aliitwa kuzuia harufu ya maiti ya Mfalme Louis wa 18. Dawa yake ikaenea hospitalini, kwenye mifereji ya maji machafu na kwenye vyumba vya kuhifadhia maiti.

Miaka hiyo watu waliamini kwamba harufu mbaya ndiyo inayoleta maradhi, kwa hiyo dawa ya kuondoa harufu ilihesabiwa kuwa dawa ya kuzuia ugonjwa. Sababu waliyoitoa haikuwa sahihi, lakini dawa ilikuwa sahihi. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wa wodi ya wazazi mjini Vienna wanawe kwa maji ya chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Mwezi wa Aprili vifo vilikuwa vimezidi asilimia 18 ya waliojifungua. Kufikia Julai vilikuwa chini ya asilimia 2.

Pamoja na hayo yote, klorini haikupata heshima katika tiba ya vidonda. Maji ya Javel ya dukani yalikuwa makali, yana alkali nyingi, na yaliichubua ngozi. Ilibidi vita ije ndipo mtu aketi kuyapima upya.

Majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia walipigwa na vipande vya mizinga vilivyobeba udongo wa mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji, mashamba yaliyotiwa samadi kwa karne nyingi. Vidonda vilioza ndani ya siku chache, na madaktari walikata miguu na mikono bila kikomo. Mwaka 1915 daktari mpasuaji Alexis Carrel, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1912, alifungua hospitali katika hoteli moja mjini Compiègne, si mbali na mstari wa mapigano. Pamoja naye alikuwapo mkemia Mwingereza, Henry Drysdale Dakin.

Dakin alizijaribu dawa nyingi za kuua vijidudu, na alichokiona kiliipindua hesabu ya zamani. Dawa iliyoua bakteria haraka ndani ya chupa ya maji safi mara nyingi ilishindwa ilipochanganywa na damu na usaha. Nyingine ziliua nyama hai kwa kasi ileile ziliyowaua vijidudu. Hipokloriti ya sodiamu ilikuwa na sifa ya pekee: iliua kwa kipimo kidogo, na iliyeyusha nyama mfu huku ikiiacha nyama hai bila madhara makubwa. Dakin alipunguza alkali yake kwa asidi ya boriki na kuishusha hadi takriban asilimia 0.5. Dawa hiyo bado inaitwa kwa jina lake.

Udhaifu wake ulikuwa kwamba haidumu. Klorini hukamata protini inazokutana nazo, ikaisha. Carrel alilijibu hilo kwa mirija ya mpira yenye matundu, iliyolazwa ndani ya kidonda na kumiminiwa dawa mpya kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Kidonda kilioshwa mfululizo, kikachunguzwa kwa hadubini, na kushonwa pale bakteria walipokwisha kupungua. Mwaka huohuo Dakin alipelekwa kwenye meli ya hospitali Aquitania, iliyohudumia majeruhi wa Dardanelles, ambako dawa ilitengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya bahari.

Matabibu wa meno waliorudi kutoka vitani, na wale waliosoma taarifa za Compiègne, waliiona kazi yao humo. Mfereji wa mzizi uliooza ni kidonda: una nyama mfu, una usaha, na dawa yoyote inayowekwa humo huchakaa ikikutana na uchafu huo. Miongoni mwa waliozichunguza dawa hizo upya ni Edgar Coolidge wa Chicago, aliyeendelea kuokoa meno katika miaka ambayo wenzake wengi waliyang'oa, na aliyechapisha mwaka 1929 majaribio yake juu ya dawa za kuua vijidudu vya mizizi.

Wakati huo kulikuwa na ushahidi mwingine uliowahimiza. Walter Hess wa Zürich alikuwa amejaza mpira laini ndani ya meno yaliyong'olewa, takriban 2,800, akaugandisha, kisha akaliyeyusha jino lenyewe kwa asidi. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa umbo halisi la mifereji. Kitabu chake kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1925 wengi walikataa kuamini macho yao. Walikuwa wakifikiria bomba moja lililonyooka kwa kila mzizi. Hess aliwaonyesha mifereji inayogawanyika, kuungana na kutawanyika karibu na ncha kama Mto Rufiji unavyotawanyika kabla ya kuingia baharini. Hakuna kijiwaya cha chuma kinachoweza kupita katika vijito vyote hivyo. Maji yanaweza.

Alfred Walker alikuwa wa kwanza kuisukuma hoja hiyo mbele kwa nguvu. Mwaka 1936, katika jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani, alipendekeza mifereji ioshwe kwa hipokloriti yenye nguvu ya takriban asilimia 5, mara 10 ya kipimo cha Dakin. Sababu ilieleweka: mfereji ni mdogo, una nafasi ya matone machache tu ya dawa, na matone hayo yanatakiwa kuyeyusha kiini kizima. Miaka 5 baadaye Louis Grossman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na Benjamin Meiman, waliweka viini vya meno katika dawa mbalimbali na kutazama saa. Hipokloriti kali ilikiyeyusha kiini chote kwa muda wa kati ya dakika 20 na saa 2. Dawa nyingine walizozipima hazikuikaribia.

Grossman ndiye aliyeifanya kuosha kuwa kanuni ya kazi. Mwaka 1943, mwaka ambao chama cha Marekani cha wataalamu wa mizizi ya meno kiliundwa, alichapisha maelezo ya kuosha mfereji kwa kupokezana hipokloriti na haidrojeni peroksidi. Dawa hizo mbili zikikutana hutoa mapovu ya oksijeni, na mapovu yalionekana kuupandisha uchafu juu. Vizazi vya wanafunzi vilifundishwa hivyo. Baadaye wakemia walionyesha kwamba dawa hizo huangamizana: kinachobaki mferejini ni maji, oksijeni na chumvi ya kawaida. Peroksidi ikaachwa polepole, hipokloriti ikabaki.

Lakini hipokloriti haikuweza kila kitu. Huyeyusha nyama, haiyeyushi madini. Mifereji ya wazee hubanwa na chokaa, na tupa ndogo zinazotumiwa kuipanua hukwama au kuvunjika humo. Jibu lilitoka tena kiwandani. Miaka ya 1930 mkemia Ferdinand Münz wa Ujerumani alikuwa ametengeneza EDTA, dawa inayoshika kalisiamu na kuitoa ndani ya maji. Mwaka 1957 Birger Nygaard-Østby wa Norwei alieleza namna ya kuitumia kulainisha kuta za mfereji uliobana. Ilikuwa njia salama kuliko asidi ya Callahan, kwani EDTA hufanya kazi bila ukali wa kuunguza.

Thamani yake nyingine ilijulikana mwaka 1975, pale Dorothy McComb na Dennis Smith wa Toronto walipozitazama kuta za mifereji iliyokwisha kusafishwa kwa hadubini ya elektroni. Tupa zilikuwa zimeacha utando: unga wa jino, mabaki ya nyama na bakteria vikiwa vimepakwa ukutani na kuziba vitundu vidogo vya jino. Utando huo una nyama na una madini, kwa hiyo hakuna dawa moja inayoweza kuuondoa wote. Hipokloriti hushughulikia upande mmoja, EDTA upande wa pili. Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu unaofuatwa katika kliniki nyingi leo, wa kuosha kwa hipokloriti muda wote wa kazi na kumalizia kwa EDTA ya asilimia 17.

Bado lilikuwapo swali la msingi ambalo fani ilikuwa imelijibu kwa imani zaidi kuliko kwa ushahidi: je, ni kweli bakteria ndio chanzo cha ugonjwa wote huo? Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya huko Marekani, wakaviacha viini wazi kwa chakula na mate. Panya wa kawaida walipata usaha na viini vikafa. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini hawakuugua, na meno yao yakajenga ukuta mpya juu ya tundu. Mwaka 1976 Göran Sundqvist wa Umeå, Sweden, aliyachunguza meno ya watu yaliyokufa kwa kugongwa, ambayo kwa nje hayakuwa na tundu. Kati ya meno 19 yenye ugonjwa kwenye mfupa, 18 yalikuwa na bakteria ndani. Yale ambayo mfupa wake ulikuwa mzima hayakuwa nao.

Umeå ndiko pia lilikotoka jaribio lililoipa dawa ya kuoshea hadhi yake. Anders Byström na Sundqvist waliyatibu meno 15 kwa tupa na maji ya chumvi tu, kwa kumwita mgonjwa mara 5. Mwishoni, mifereji 8 ilikuwa haina bakteria. Kisha, katika taarifa ya mwaka 1983, walirudia kazi ileile kwa hipokloriti ya asilimia 0.5, kipimo cha Dakin hasa. Safari hii mifereji 12 kati ya 15 ilitoka bila bakteria. Tupa zilikuwa zilezile, mikono ileile. Tofauti ilikuwa maji.

Miaka 18 baadaye Ove Peters na wenzake wa Zürich waliyapiga meno picha za eksirei za pande zote kabla na baada ya kutumia tupa za kisasa za mashine. Waligundua kwamba asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji haikuguswa na tupa kabisa. Zürich, mji wa Hess, ukawa umemthibitisha Hess. Kazi ya tupa ni kufungua njia, na sehemu kubwa ya usafi hufanywa na kile kinachomiminwa baada yake.

Dawa yenye nguvu ya kuyeyusha nyama haina huruma inapopotea njia. Mwaka 1974 jarida la kitabibu lilieleza yaliyompata mgonjwa ambaye hipokloriti ilisukumwa ikapita ncha ya mzizi na kuingia kwenye tishu za uso. Dalili zake sasa zimo katika vitabu vyote vya kufundishia: maumivu makali ya ghafla, uso kuvimba ndani ya dakika chache, damu kuvilia chini ya ngozi. Kutokana na ajali za namna hiyo sindano za kuoshea zilibadilishwa zikawa na ncha butu na tundu ubavuni. Wanafunzi hufundishwa kutoikaza sindano ndani ya mfereji, kuisogeza juu na chini wakati wote, na kusukuma kwa nguvu ya kidole cha shahada badala ya dole gumba. Mpira wa Barnum huzuia dawa isimwagike kooni, na miwani hulinda macho ya mgonjwa aliyelala.

Hofu hiyo iliwafanya wengi watafute dawa mbadala. Klorheksidini, iliyotoka katika maabara za kampuni ya ICI ya Uingereza na kuanza kuuzwa miaka ya 1950, huua bakteria vizuri, haichomi, na huendelea kushikamana na ukuta wa jino baada ya kuoshwa. Ilisifiwa sana, ila haiyeyushi nyama hata kidogo, na ikichanganyika na hipokloriti hutoa tope la kahawia linalochafua mfereji na kuziba vitundu vyake. Mwaka 2003 Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Loma Linda, California, walileta dawa ya MTAD yenye antibayotiki, asidi ya limau na sabuni. Nayo haikuing'oa hipokloriti mahali pake. Wengine waliacha kutafuta dawa mpya wakatafuta namna ya kuitikisa ileile ya zamani. Mitetemo ya sauti isiyosikika kwa sikio, iliyoanza kujaribiwa ndani ya mizizi mwaka 1957, leo hutumika kuyasukuma maji yaingie kwenye pembe ambazo sindano haifiki na kuvunja mapovu ya hewa yanayojifungia karibu na ncha.

Ubishi mkubwa uliobaki ni wa kipimo. Shule za Skandinavia zilimfuata Dakin na kubaki na asilimia 0.5 au 1. Huko Marekani wengi walimfuata Walker na kutumia asilimia 5 na zaidi. Dawa kali huyeyusha nyama haraka, ila huichokoza zaidi ikivuja. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha kipimo cha asilimia 1 na 5 na kuufuatilia mfupa ukipona, na mwaka uliofuata utafiti wa Sweden ukalinganisha asilimia 0.5 na 3 kwa kupima bakteria waliobaki. Katika tafiti zote mbili kipimo kikali hakikuonekana kuwa bora kwa kiasi cha kutegemewa. Pande zote zinakubaliana juu ya lile lililoonekana Compiègne: dawa iwe mpya, iwe nyingi, na ibadilishwe mara kwa mara, kwa sababu inapofanya kazi hujimaliza.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua dawa hii hata kama hajawahi kuketi kwenye kiti cha matibabu ya mzizi. Ndiyo iliyomo katika maji ya kung'arishia nguo ambayo wengi huyaita jiki, na ndiyo iliyomo katika vichupa vya WaterGuard ya maji vinavyotumika kutibu maji ya kunywa hasa wakati wa kipindupindu. Vipimo vyake vinatofautiana sana, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofaa kutiwa kwenye jino linalouma nyumbani. Bila mpira, sindano maalumu na mfereji uliofunguliwa, huishia kuunguza ufizi huku ugonjwa ukibaki ulipo.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Wahitimu wao wanaijua vizuri kazi ya Grossman na ya Umeå. Hata hivyo, katika zahanati na hospitali za wilaya za Kenya na Tanzania, tiba ambayo mtu mwenye jino bovu hupewa mara nyingi zaidi bado ni kung'olewa. Lita ya hipokloriti ni bei nafuu kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo kliniki, na haijawahi kuwa ndiyo inayozuia. Kinachopungua ni mashine ya eksirei, tupa za kutosha, mpira wa kuvika jino, fedha za mgonjwa, na daktari anayeweza kutenga saa nzima kwa mtu mmoja wakati wengine 30 wanasubiri nje. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hufika baada ya miezi ya kumeza vidonge, jino likiwa limebaki kisiki. Mipango ya afya ya kinywa ikizingatia vitu hivyo vichache, meno mengi ya vijana yanayoishia kwenye ndoo ya taka leo yangeweza kubaki yakitafuna kwa miaka mingi.